Nyumba ya wageni mtaani Mkomani, Lamu: utulivu wa mawe, vurugu za simu

Nyumba ninayoipitia hapa ni ya ghorofa moja juu ya chini, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, imo ndani ya vichochoro vya Mkomani katika mji wa kale wa Lamu, na inauza kitu kimoja tu ambacho wenyewe wanakitangaza waziwazi: mapumziko. Haina bwawa la kuogelea, haina ukumbi wa muziki, wala haimwahidi mtu mandhari ya bahari isipokuwa atakayepanda hadi paani. Chumba cha watu wawili pamoja na chakula cha asubuhi ni shilingi 6,500 kwa usiku, bei ambayo kwa Lamu si ya kutisha wala si ya kushangilia. Jina lake sitalitaja, kwa sababu dosari nitakazozieleza zinaweza kurekebishwa katika muda mfupi na sipendi zimwandame mwenye nyumba kwa miaka. Aufahamuye mtaa huo huenda akaitambua, na asiyeufahamu atanufaika na vigezo kuliko jina.

Kigezo changu ni hiki. Hoteli nyingi za pwani yetu hupimwa kwa kile zinachomwongezea mgeni, yaani chakula kingi zaidi, michezo mingi zaidi, taa na televisheni kubwa zaidi. Lakini nyumba inayouza mapumziko inastahili kupimwa kwa kile inachomwondolea mgeni mikononi. Mtu atokaye Nairobi au Mombasa hafiki Lamu na begi la nguo peke yake. Anafika na tabia zake za kila siku, kama kushika simu kabla hajauteremsha mguu kitandani, kunywa kahawa ili asihisi uchovu, kula chakula kizito usiku wa manane, na kuipanga siku ya mapumziko saa kwa saa kana kwamba ni siku ya ofisini. Tabia hizo haziachwi gatini Mokowe. Zinapanda boti pamoja na mwenyewe. Ndizo nilizozitazama kwa wageni tuliokula nao meza moja, na hasa kwa shemeji yangu, mhasibu wa Mombasa, ambaye mke wake alimleta kwa nguvu za hoja na machozi kidogo.

Wanaochunguza mambo haya wameyapa mpangilio unaosaidia. Mwaka 2007, wanasaikolojia Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walipendekeza kwamba mtu hujirudishia nguvu baada ya kazi kwa njia nne: kujitenga na kazi kimawazo na si kwa mwili tu, kutulia, kujifunza jambo jipya linalompa changamoto ya kupendeza, na kuwa na mamlaka juu ya muda wake mwenyewe. Nimeitumia migawo hiyo minne katika kuitathmini nyumba hii, ingawa sikuifuata kwa utaratibu, maana nyumba yenyewe haikugawanyika hivyo.

Nianze na jengo, ambalo ndilo sehemu yake bora na ambalo mwenye nyumba wa leo hawezi kujisifia, kwa kuwa amelirithi. Nyumba za kale za Lamu hazikujengwa ili zitazamwe kutoka nje. Unapoingia unakutana na daka, ukumbi mdogo wenye vibaraza vya mawe pande zote mbili ambapo mgeni wa nje hukaribishwa akakaa bila ya kuwasumbua waliomo ndani. Kisha unapita tekani, ambapo njia inapinda ili jicho la mpita njia lisifike ndani hata mlango ukiwa wazi. Halafu ndipo unapofika kiwandani, uwanja mdogo ulio wazi juu, unaoipa nyumba nzima mwanga na hewa. Kutoka hapo vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, misana miwili kwanza na kisha chumba cha ndani chenye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya mapambo vya chokaa, na kila unapopiga hatua kuingia, sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Vyumba ni vyembamba na virefu, kwa sababu dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi inayozidi mita tatu hivi bila ya kupinda.

Nimelieleza jengo kwa kirefu kwa makusudi. Mtu aliyezoea nyumba za mjini, ambamo mlango wa mbele unafunguka moja kwa moja kwenye televisheni, na televisheni iko hatua tatu kutoka kitandani, hana mahali pa kuvulia shughuli za siku. Hapa jengo lenyewe linamlazimisha kuzivua kwa hatua: mazungumzo ya nje yanaishia dakani, hesabu za boti na soko zinaishia kiwandani, na mtu anapofika ndani tayari sauti zimebaki nyuma ya kuta nene na macho yameshazoea giza. Magari hayaingii katika vichochoro hivi, jambo ambalo limeusaidia mji kubaki katika hali iliyoufanya uwekwe na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Punda wapo, na punda hulia, lakini mlio wa punda hauhitaji mtu aujibu.

Mwenye nyumba ameyaheshimu haya kwa uangalifu wa kupigiwa mfano. Vyumba vya kulala havina televisheni. Taa zake ni za manjano na hafifu, nazo zimewekwa chini badala ya kuning'inia juu ya uso. Hilo si pambo tu: ndani ya jicho kuna chembe zinazohisi mwanga, hasa ule wa kibuluu, na kuuarifu ubongo kama ni mchana au usiku, nao ubongo ukiarifiwa kuwa bado ni mchana huchelewesha melatonini, homoni inayoutayarisha mwili kwa usiku. Soketi ya umeme iko karibu na mlango, si kando ya kitanda, na nilipomuuliza msimamizi, mama wa makamo ambaye wageni wote walimwita Bi Mkubwa, kama ni fundi aliyekosea, alijibu: "Hakukosea, mwanangu. Tulimwambia aiweke mbali na kichwa cha mtu." Nakiri kwamba katika hoteli zote nilizowahi kuzikagua sijaona uamuzi mdogo wenye akili kubwa kiasi hicho. Simu inayochajiwa hatua saba kutoka kitandani si kitu cha kuangaliwa kila unapogeuka ubavu; ukiitaka, itakubidi uinue chandarua, uweke miguu kwenye sakafu baridi na ujiulize unakwenda kutafuta nini.

Intaneti nayo inapatikana dakani na kiwandani peke yake, haifiki vyumbani. Wageni wawili walilalamika mbele yangu kuhusu hilo, na mimi naliandika hapa kama sifa.

Sasa dosari, na ni kubwa kwa sababu inaubomoa mpango huo wote. Nyumba hii, iliyoihamisha soketi kwa hekima, inawasiliana na wageni wake kwa WhatsApp. Ukishalipia chumba unaingizwa katika kundi la wageni wa wiki hiyo. Asubuhi unaletewa orodha ya vyakula vya mchana, na unatakiwa uchague kabla ya saa 4. Baadaye unaletewa saa za kujaa kwa maji na jina la nahodha atakayetoka siku hiyo. Alasiri mgeni mmoja anapeleka picha za ufuko wa Shela, wengine saba wanazipongeza kwa vidole gumba, na jioni unaulizwa kama ulifurahia samaki. Ukikaa usiku wa pili, unaletewa ombi la kuitathmini nyumba kwa nyota. Kila ujumbe kwa peke yake ni wa adabu na una manufaa yake. Kwa pamoja unamfanya mgeni asithubutu kuiacha simu, kwa kuwa akiiacha atakosa chakula au boti.

Nilimwona shemeji yangu akiwa na nia ya kweli ya kupumzika. Alimwachia msaidizi wake shughuli zote, akaizima barua pepe ya kazini, akakaa kiwandani na kikapu cha maembe. Kisha simu ikalia: ni orodha ya chakula. Alipoifungua ili achague pweza au kuku, akaona palepale kwamba mteja wake amemwandikia kuhusu risiti za kodi, na tangu hapo pweza akawa hana maana tena. Nyumba haikumletea kazi, ni kweli, lakini ilimfungulia mlango ambao kazi ilikuwa imesimama nyuma yake ikisubiri. Kujitenga kimawazo, ile njia ya kwanza kati ya zile nne, kuna adui mmoja mkubwa zaidi ya kazi yenyewe, nayo ni hali ya kusubiri kuitwa. Mtu aliye tayari kuitwa wakati wowote hajaondoka kazini, hata kama amelala kwenye mkeka.

Tiba yake ni rahisi na ya bei ndogo kuliko kifurushi cha data. Liwekwe daftari juu ya kibaraza cha kiwandani, na kando yake ubao wa chaki. Saa za maji na jina la nahodha ziandikwe ubaoni. Mgeni aandike chakula anachokitaka katika daftari kabla ya kulala, au amwambie Bi Mkubwa kwa mdomo kama watu walivyokuwa wakiagizana chakula tangu zamani. Tena kuandika kwenyewe kuna faida nyingine. Mwaka 2018, Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor huko Texas waliwataka watu waandike kwa dakika tano kabla ya kulala, baadhi yao mambo waliyokwisha kuyafanya na wengine mambo wanayotakiwa kuyafanya siku zinazofuata. Walioandika mambo yanayowasubiri walipata usingizi mapema kwa takribani dakika tisa. Jambo lililowekwa kwenye karatasi halihitaji tena kukaririwa kichwani. Kwa hiyo ningeomba kila chumba kipewe daftari lake na penseli, na kipande cha karatasi kinachomwelekeza mgeni kutuma ujumbe kiondolewe ukutani.

Nije kwenye kahawa, ambayo ni mtihani mgumu zaidi kwa sababu inapendeza. Baada ya swala ya Isha, dele la kahawa chungu huletwa dakani pamoja na sahani ya halua, na finjani zinapita mkono kwa mkono huku wazee wawili watatu wa mtaa wakijiunga na wageni. Mazungumzo ni matamu, kahawa yenyewe ina tangawizi ya kutosha, na ukaribisho ni wa kweli, si wa kuigiza kwa ajili ya watalii. Mtu hawezi kukataa finjani ya kwanza, na kwa ya pili na ya tatu hakuna anayehesabu, kwa kuwa finjani ni ndogo. Shida ni kwamba mwili unahesabu. Tangu mtu anapoamka, kemikali iitwayo adenosini huendelea kujikusanya katika ubongo wake na kumletea uzito wa usingizi; kafeini haiiondoi, bali hukaa mahali pake na kuuzuia ubongo usiihisi. Kwa mtu mzima wa kawaida inachukua takribani saa tano kwa nusu ya kafeini kuondoka mwilini, ingawa watu hutofautiana sana. Christopher Drake na wenzake wa Detroit walionesha mwaka 2013 kwamba kipimo kikubwa cha kafeini, miligramu 400, hata kikinywewa saa sita kabla ya kulala hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima, na mara nyingi mwenyewe hajui kwamba amepunjwa.

Finjani tatu za Lamu pengine hazifiki miligramu hizo, nami sidai kwamba wazee wa baraza hawalali. Wao wamezoea, tena wengi wao hulala kidogo adhuhuri na huamka kwa Alfajiri wakiwa na siku nyepesi mbele yao. Mgeni wa kutoka mjini ana hesabu nyingine: alikunywa kahawa ya asubuhi, akanywa soda safarini, akanywa chai ya maziwa alasiri, na sasa anaongeza ya chungu saa 3 usiku, kisha anashangaa kwa nini katika mji mkimya kama huu macho yake hayafungi. Anadhani godoro ndilo baya. Mmoja wa wageni wa Nairobi alimlalamikia Bi Mkubwa kuhusu mto wake asubuhi mbili mfululizo, na akabadilishiwa mto. Dele hakuna aliyelitaja. Nyumba ina mchaichai umepandwa katika madumu huko juu paani, na ukiomba utaletewa chai yake bila ya majani ya chai ndani, nzuri kabisa. Lakini ni lazima uombe. Ningependa iletwe dakani pamoja na kahawa, kwa sinia moja, ili mtu achague bila ya kujiona amekataa ukarimu.

Mirungi hairuhusiwi ndani ya nyumba, na kijikaratasi kinachosema hivyo kimebandikwa kwa heshima karibu na ngazi. Wapo watakaoona ni ukali. Kwa nyumba inayouza usingizi, kumruhusu mgeni kutafuna mmea wenye kathinoni, kichangamshi cha jamii ya amfetamini, kungekuwa kichekesho.

Chakula cha usiku ni kizuri na kinachelewa. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, achari ya ndimu, na siku ya Ijumaa biriani. Nimekula vibaya zaidi kwa bei kubwa zaidi. Lakini sinia hufika baada ya kahawa, wakati mwingine karibu saa 4 usiku, kwa sababu jiko ni moja na mpishi anaswali, anapumzika, kisha ndipo anaanza kupika. Mtu anayelala na tumbo lililojaa biriani hapumziki, anasaga. Tulipoomba kula baada ya Magharibi tulikubaliwa bila ya maneno, na tofauti ilikuwa dhahiri kwa shemeji, ambaye kiungulia chake alikuwa amekihusisha na maji ya Lamu. Uzuri wa nyumba ndogo ni kwamba ukisema unasikiwa; ubaya wa wageni wengi ni kwamba wanangoja waondoke ndipo waandike.

Kuhusu usingizi wa mchana, nyumba inautukuza, na ina haki. Joto la adhuhuri linawafukuza watu vichochoroni, maduka hufungwa, na vitanda vya kamba vilivyopangwa msanani vinamwita kila mtu kwa jina lake. Anayejilaza kwa nusu saa anaamka na nguvu mpya. Wageni wengi, hata hivyo, wakiachwa hulala kutoka Adhuhuri mpaka karibu na Magharibi, wakiamini wanalipa deni la wiki nzima, nao huamka vichwa vizito na kuutumia ule uzito wa usingizi uliokuwa uwafae usiku. Bi Mkubwa ana dawa yake, ambayo sijui kama ameipanga au ni mazoea tu: alasiri huanza kusaga viungo kiwandani kwa kinu na mchi. Hakuna aliyelala zaidi ya hapo.

Tabia ya nne niliyoiona ndiyo iliyonishangaza kwa nguvu zake, nayo ni ya kuyafanya mapumziko kuwa orodha ya kazi. Nyumba inatoa safari kwa bei za haki: mashua hadi Manda Toto kwa wanaopenda kuogelea kwenye matumbawe, magofu ya Takwa katika kisiwa cha Manda, kijiji cha Matondoni kwa kuwaona mafundi wa majahazi, na kutembea kwa miguu hadi Shela, mwendo wa kilomita tatu hivi, ambako ufuko wa mchanga unaendelea mpaka macho yachoke. Zote zinafaa. Ila nilimsikia kijana mmoja akizipanga zote ndani ya siku mbili, na mchumba wake akiongeza ngome ya mjini na hospitali ya punda katikati, kwa sauti ile ile ambayo kwa hakika huitumia kupangia mikutano. Hapo ndipo njia ya nne, mamlaka juu ya muda wako, inapogeuka: mtu anajipa uhuru kisha anautumia kujiajiri upya.

Kilichowaokoa ni maji. Kwenda Takwa kwa mashua kunahitaji maji yawe yamejaa, kwa sababu mlango wenyewe ni mkondo mwembamba uliozungukwa na mikoko, na maji yakitoka, chombo kinabaki matopeni. Maji hayo hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo ratiba iliyopangwa Nairobi haiwezi kuyalazimisha. Nahodha, mzee wa maneno machache, aliposikia kwamba wanataka kuwa Takwa asubuhi na Manda Toto kabla ya mchana, aliwaambia tu, "Mabwana, maji yanarudi alasiri," akaendelea kushona tanga. Walikaa. Mchumba akanunua maji ya ukwaju, kijana akalala kwenye kivuli cha gati, na nadhani hiyo ndiyo saa ya kwanza waliyopumzika tangu wafike. Ningeishauri nyumba isiuze safari zaidi ya moja kwa siku kwa mgeni yeyote, hata akiwa na fedha za kununua nne. Najua ni ushauri unaoumiza mfuko.

Kuna kundi la watu ambao ukimya wenyewe unawatisha, na nyumba imewajali bila ya kujua kwamba imewajali. Hanjoo Kim na Michelle Newman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walieleza mwaka 2019 kwamba wako watu wenye wasiwasi ambao mazoezi ya kutulia huwaongezea wasiwasi, kwa sababu wamezoea kubaki na hofu kidogo wakati wote ili jambo baya likitokea lisiwaangushe kutoka juu. Kumwambia mtu wa namna hiyo akae afunge macho asikilize upepo ni kumtesa. Shemeji yangu ni mmoja wao. Akikaa kimya kwa dakika kumi huanza kukumbuka mambo ambayo hayajatokea. Dakani, hata hivyo, kuna bao la mninga, na kijana wa mlangoni hucheza na yeyote anayetaka bila ya kumhurumia. Shemeji alifungwa, akafungwa tena, akaomba afundishwe namna ya kuhesabu kete kabla ya kuzigawa mashimoni, na kwa mara ya kwanza hakuuliza ni saa ngapi. Mama mmoja jirani naye huja alasiri na kofia zake za kudarizi, na wageni wanawake hukaa naye wakijaribu kuyatoboa matundu kwa sindano. Kazi ni ngumu, vidole vinachomwa, na hakuna aliyeondoka kabla ya kuitwa kula. Haya hayamo katika tangazo la nyumba. Yangestahili kuwemo mahali pa zile picha za machweo.

Mengine nitayapita upesi. Usafi ni mzuri, maji ya kuoga ni ya chumvichumvi kidogo kama yalivyo maji mengi ya kisiwani, vyandarua havina matundu, na ngazi ya kupanda paani ni ya mwinuko mkali kiasi kwamba sitampendekezea mzee wala mtu mwenye mtoto mchanga. Hakuna kiyoyozi. Wakati wa pepo za kaskazi na za kusi, feni na kiwanda vinatosha. Wakati wa tangambili, majira ya kati ya pepo hizo mbili, hasa Machi na Aprili mwanzoni, upepo unapokatika vyumba vya juu vinakuwa na joto la kumzuia mtu asipate usingizi, kwa kuwa mwili unahitaji kushusha joto lake kidogo ili ulale. Nyumba ipunguze bei ya vyumba hivyo kwa miezi hiyo, au ikiri tangu mwanzo.

Kwa ujumla ningeipa nyota nne kati ya tano kwa jengo, kwa Bi Mkubwa na kwa ile soketi, na ningeipa mbili kwa mawasiliano yake. Inawafaa wanandoa, watu wazima wanaosafiri peke yao, na hasa wale waliochoka bila ya kuugua. Haiwafai wenye watoto wadogo wala wale wanaofuata fukwe, ambao Shela itawafaa zaidi. Atakayekwenda ajitoe katika kundi la WhatsApp siku ya kwanza, amwambie msimamizi kwamba ataagiza chakula kwa mdomo na atakula baada ya Magharibi, na amlipe nahodha fedha taslimu gatini. Aombe chumba cha chini kilicho ndani kabisa, chenye zidaka, kwa sababu chumba cha paani kina upepo mzuri zaidi lakini kinatazamana na vipaza sauti vya msikiti, na si kila mtu alikulia pwani. Siku za Maulidi vyumba vyote hujaa mapema na bei hupanda. Nafasi huwekwa kwa kulipa nusu, na aliyeghairi wiki moja kabla hurudishiwa fedha zake zote.